Kupanga maktaba ya picha kwenye kompyuta: maneno ya kuyajua na hatua za kufuata

Maswali ni yale yale kila mara. "Nina picha elfu kumi na mbili kwenye simu, laptopu na flashi tatu, nianzie wapi?" "Folda na lebo si kitu kimoja?" "Niliandika maelezo wiki nzima, nikahamia kompyuta nyingine, yote yamepotea. Yamekwenda wapi?" Nimeona niyajibu yote mahali pamoja, kwa mpangilio ambao mtu anaweza kuufuata akiwa amekaa mbele ya kompyuta yake.

Mfano nitakaoutumia ni mkusanyiko wa picha za Bagamoyo: soko la samaki, mafundi wa vyombo ufukweni, milango ya nyumba za kale, magofu ya Kaole. Programu nitakayoitumia ni digiKam. Ni ya bure, inafanya kazi kwenye Windows, Linux na macOS, na haihitaji intaneti ukishaiweka. Kama ofisi yenu inatumia Lightroom au ResourceSpace, menyu zitakuwa tofauti lakini maneno na mpangilio wa kazi ni ule ule.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kompyuta moja itakayokuwa makao ya maktaba. Moja tu. Maktaba yenye makao mawili haina makao.
- Diski mbili za nje, kila moja yenye nafasi angalau mara mbili ya picha ulizo nazo sasa.
- digiKam ikiwa imeshawekwa, lakini usiielekeze kwenye picha zako hadi hatua ya 3.
- Lahajedwali tupu, ya Excel au LibreOffice. Humo utaandika orodha ya lebo.
- Mtu anayezijua picha. Kama ni za shirika au za ukoo, mtafute mzee au mfanyakazi wa siku nyingi anayeweza kukwambia "huyu ni nani" na "hapa ni wapi". Mashine haitakusaidia katika hilo.
- Muda. Tenga saa moja au mbili kwa siku kwa wiki kadhaa. Anayetaka kumaliza Jumamosi moja huishia kuweka lebo za haraka ambazo itabidi azifute baadaye.

Maneno machache ya kuyashika

*Mali* ni faili pamoja na taarifa zake na haki ya kuitumia. Picha ambayo hujui ilipigwa na nani na kama unaruhusiwa kuichapisha ni faili tu, haijawa mali.

*Metadata* ni hizo taarifa zenyewe. Utakutana na majina matatu. EXIF ni zile ambazo kamera inaandika yenyewe: tarehe, saa, aina ya lenzi, na mahali kama GPS ilikuwa imewashwa. IPTC ni sehemu za kujazwa na mtu: maelezo ya picha, jina la mpigaji, hakimiliki, mji. Jina hilo ni la baraza la mashirika ya habari lililoundwa London mwaka 1965, na ndiyo maana sehemu zake zinafanana na mahitaji ya chumba cha habari. XMP ni namna ya kuyabeba yote hayo ndani ya faili au pembeni yake. Ilitolewa na Adobe mwaka 2001, na tangu 2012 ni kiwango cha kimataifa cha ISO, kwa hiyo programu nyingi zinaisoma.

*Folda* ni mahali faili linapokaa. Picha moja inakaa kwenye folda moja. *Lebo* ni neno unalolibandika kwenye picha, na picha moja inaweza kubeba lebo ishirini. *Mkusanyo* ni kundi la picha ulizoziita pamoja kwa kazi fulani, kwa mfano kalenda ya mwaka ujao, bila kuzihamisha zilipo. Kuwa mwangalifu na neno "albamu". Kwenye digiKam albamu ni folda halisi ya kwenye diski, na ukiifuta unafuta picha. Kwenye programu nyingi za simu albamu ni mkusanyo tu. Watu wamepoteza picha kwa kuchanganya hayo mawili.

*Faili mama* ni picha kama ilivyotoka kwenye kamera. *Nakala ya kazi* ni ile uliyoikata, uliyoipunguza au uliyoipeleka kwa mchapaji. Mama haguswi, isipokuwa jina lake na taarifa zake.

*Orodha teule* ni orodha ya lebo mlizokubaliana kutumia. Nitairudia kwa kirefu, maana hapo ndipo Kiswahili kina mambo yake ambayo miongozo ya lugha nyingine haiyagusi.

Hatua ya 1: Kusanya kila kitu mahali pamoja, usifute chochote

Fungua folda moja kwenye kompyuta ya makao, iite `00_mapokezi`. Ndani yake fungua folda ndogo kwa kila chanzo: `simu_ya_ofisi`, `flashi_nyekundu`, `kamera_nikon`. Nakili, usihamishe. Ukimaliza kila chanzo, linganisha idadi ya faili na jumla ya ukubwa pande zote mbili. Kama flashi ina faili 1,284 na kompyuta ina 1,279, simama utafute hizo tano kabla ya kuendelea.

Onyo: picha zilizopita WhatsApp kwa njia ya kawaida zimebanwa na taarifa zake za kamera zimeondolewa. Kwenye simu za Android utazitambua kwa majina kama `IMG-20240317-WA0012.jpg`. Tarehe iliyo kwenye jina hilo ni ya kutumwa au kupokelewa, si lazima iwe ya kupigwa. Ziweke kwenye folda yake ya mapokezi, kisha mtafute aliyepiga umwombe faili mama. Mwambie aitume kama dokumenti, au alete simu uinakili kwa waya.

Hatua ya 2: Weka akiba kabla ya kupanga

Watu wengi huweka akiba mwishoni. Ianze sasa, wakati hujakosea bado. Kanuni inayotumika sana ni ya tatu-mbili-moja: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikikaa nje ya jengo. Kwa ofisi ndogo maana yake ni kompyuta, diski ya kwanza ya nje, na diski ya pili iliyo nyumbani kwa mtu mnayemwamini, au hifadhi ya mtandaoni kama bando linaruhusu.

Diski inayokaa imechomekwa kwenye kompyuta muda wote si akiba. Umeme ukija kwa kishindo au virusi vikiingia, vinaondoka na zote mbili. Ichomeke, nakili, itoe.

Hatua ya 3: Sawazisha saa za kamera

Hatua hii inarukwa na karibu kila mtu, halafu inawasumbua miaka. Kamera mpya mara nyingi inakuja na saa ya kwingine, na betri ikikaa bila chaji muda mrefu tarehe inarudi mwanzo. Picha ya mnada wa samaki wa asubuhi inaonyesha ilipigwa usiku wa manane. Zaidi ya hapo, EXIF ya zamani haikuwa na nafasi ya kuandika ukanda wa saa. Nafasi hiyo iliongezwa kwenye toleo la 2.31 mwaka 2016, na si kila kamera inaijaza.

Dawa ni rahisi. Kila unapoanza kazi, piga picha ya kwanza ya skrini ya simu yako ikionyesha saa. Ukirudi, linganisha saa inayoonekana kwenye picha na saa iliyoandikwa kwenye metadata, upate tofauti, kisha tumia kifaa cha digiKam cha kurekebisha tarehe na saa kwa picha zote za siku hiyo kwa pamoja. Kama kamera mbili zilikuwa kwenye shughuli moja, zirekebishe kila moja peke yake.

Na hapa kuna mtego wetu wenyewe. Mwenzako akiandika kwenye daftari "saa 4 asubuhi", kompyuta inataka 10:00. Nimewahi kukuta picha zote za harusi zimeingizwa 04:00 kwa sababu aliyekuwa akiingiza alinakili namba kama ilivyo. Vivyo hivyo "usiku wa Jumapili": kwa wazee wengi wa Pwani ni usiku wa kuamkia Jumapili, yaani kwenye kalenda ya kompyuta bado ni Jumamosi. Ukipokea taarifa ya namna hiyo, uliza kabla ya kuandika.

Hatua ya 4: Jenga folda chache, kwa tarehe

Sasa zitoe picha kwenye `00_mapokezi` uzipeleke kwenye folda zake za kudumu. Folda ziwe za tarehe tu, maana tarehe haina ubishi. Mwaka, kisha siku na neno moja au mawili ya kukukumbusha:

`2024 / 2024-03-17_bagamoyo_soko`

Andika mwaka kwanza, mwezi, kisha siku, na mwezi na siku kila kimoja kiwe na tarakimu mbili. Kwa njia hiyo kompyuta ikipanga kwa alfabeti inapanga kwa tarehe pia. Ukiandika 17-3-2024, tarehe 17 za miezi yote zitakaa pamoja.

Usijenge folda za "Wavuvi", "Watoto", "Majengo". Picha ya mtoto wa mvuvi mbele ya nyumba ya kale utaiweka wapi? Utainakili mara tatu, na baada ya mwaka hujui ipi ni mama. Kazi hiyo ni ya lebo.

Hatua ya 5: Badilisha majina ya faili

Kamera nyingi zinahesabu hadi 9999 kisha zinaanza upya, kwa hiyo ipo siku utakuwa na `DSC_0412` mbili zisizohusiana kabisa. Jina zuri lina tarehe, mahali na namba:

`2024-03-17_bagamoyo_0412.jpg`

Chagua picha zote za folda, bonyeza F2 kwenye digiKam, na upange muundo wa jina kwa zote pamoja. Acha namba ya kamera mwishoni, itakusaidia ukitaka kurudi kwenye kadi.

Tumia herufi ndogo, tarakimu, kistari na kistari cha chini. Windows inakataa alama kama `:` `?` `*` na `/`. Epuka pia nafasi tupu na kibainishi: kwenye jina la faili andika `ngombe`, usiandike `ng'ombe`. Tahajia sahihi utaiweka kwenye lebo. Na usiingize maelezo marefu kwenye jina. Jina ni la kulitambua faili tu, maelezo yana mahali pake.

Hatua ya 6: Tengeneza orodha teule kabla ya kubandika lebo hata moja

Hapa nitakaa kidogo.

Kuna ofisi niliyofanya kazi ambayo ilikuwa na watu wanne wakiweka lebo kwa miaka mitatu. Siku moja tulitakiwa kutoa picha za wavuvi. Nikatafuta "wavuvi", zikaja 11. Tulikuwa na hakika ziko zaidi ya mia mbili. Zilikuwepo: nyingine chini ya "mvuvi", nyingine "uvuvi", nyingine "kuvua samaki", na nyingine "Wavuvi " yenye nafasi tupu mwishoni. Hakuna aliyekosea Kiswahili. Hatukuwa tumekubaliana tu.

Kiswahili kinabadilisha neno mwanzoni. Kwa lugha inayoongeza wingi mwishoni mwa neno, mtu akiandika herufi za kwanza mashine inampa umoja na wingi pamoja. Kwetu *mlango* na *milango*, *chombo* na *vyombo*, *uso* na *nyuso* vinakaa mbali kabisa kwenye orodha ya alfabeti. Kwa hiyo lazima uweke kanuni, na uiandike juu ya lahajedwali mahali kila mtu anapoiona. Mimi natumia hizi:

Vitu na watu, kwa umoja: *jahazi, mlango, mvuvi, mtoto, soko*. Sababu ni kwamba ndivyo kamusi zetu zinavyoorodhesha majina, kwa hiyo mtu mpya akibabaika anafungua kamusi na kupata jibu.

Shughuli, kwa jina la shughuli na si kwa kitenzi: *uvuvi, useremala, mnada*. Usiandike "kuvua" wala "wanavua".

Maneno yasiyo na umoja unaotumika, yaache yalivyo: *maji, mafuta, mapishi, magofu*.

Kisha kuna maneno yenye maana mbili. *Mbuzi* ni mnyama na ni kifaa cha kukunia nazi. *Kanga* ni nguo na ni ndege. *Paa* ni la nyumba na ni mnyama wa porini. *Tembo* ni mnyama na ni kinywaji cha mnazi. Usiache neno la namna hiyo peke yake. Andika *mbuzi wa kufugwa* na *mbuzi ya nazi*, *kanga nguo* na *kanga ndege*. Unaweza kuona ni kujisumbua hadi siku utakapotafuta vyombo vya jikoni ukaletewa zizi.

Kuna pia kitu kimoja chenye majina mengi. Tanzania tunasema *kanga*, Mombasa na Lamu utasikia *leso*. Daladala ya Dar es Salaam ni matatu ya Nairobi. Chagua neno moja liwe lebo rasmi, na kwenye lahajedwali weka safu ya pili ya majina mengine yanayoelekezwa kwake. Lakini usiunganishe vitu ambavyo wenyewe wanavitofautisha. *Jahazi, mashua, dau* na *ngalawa* si majina ya kitu kimoja. Ngalawa ina matengo mawili pembeni (mbao za kuizuia isipinduke), na mvuvi yeyote wa Bagamoyo atakushangaa ukiiita jahazi. Ukiwa huna uhakika weka lebo pana, *chombo cha bahari*, na uulize.

Lebo zipange kwa ngazi. digiKam inakubali uandike alama ya mkwaju kati ya ngazi na ngazi wakati wa kuunda lebo:

`Mahali/Tanzania/Pwani/Bagamoyo/Kaole`
`Kitu/Chombo cha bahari/Jahazi`
`Kazi/Uundaji wa vyombo/Kalafati`
`Mtu/…`

Ngazi nne au tano zinatosha. Kwa mahali, kumbuka mipaka hubadilika. Tunduma iliyokuwa Mkoa wa Mbeya iko Songwe tangu mkoa huo ulipoundwa mwaka 2016. Weka lebo ya mkoa wa sasa kwa picha zote, hata za 2010, na jina la zamani liandike kwenye maelezo. Ukifanya kinyume, mji mmoja utakuwa na makao mawili.

Anza na lebo hamsini au sitini, si mia tano. Lebo mpya iongezwe na mtu mmoja aliyepewa kazi hiyo. Wengine wapendekeze.

Hatua ya 7: Bandika lebo, kisha andika maelezo

Sasa fungua folda zako ndani ya digiKam, na kabla ya lebo ya kwanza fanya mipangilio ya hatua ya 9. Anza na lebo za wote: chagua picha zote za siku, weka mahali na jina la mpigaji. Kisha chagua makundi: hizi za sokoni, hizi za ufukweni. Mwisho picha moja moja, na hapo shughulika na zile tu zenye thamani. Picha kumi na tano zinazofanana za ndoo moja ya dagaa hazihitaji maelezo kumi na tano.

Maelezo yaseme nani, anafanya nini, wapi na lini, na yaongeze kile ambacho jicho halikioni. Tazama picha hii: mwanamume amechuchumaa chini ya ubavu wa jahazi lililopandishwa mchangani, ana nyundo ya mti mkononi, uzi mnene wa pamba unaning'inia kwenye ubao. Aliyeandika haraka ataandika "Mzee akitengeneza boti". Maelezo yanayofaa ni haya:

"Fundi wa vyombo akitia kalafati: anapigilia pamba kwenye nafasi kati ya mbao ili jahazi lisivuje. Ufukwe wa Bagamoyo, Mkoa wa Pwani, 17 Machi 2024."

Neno *kalafati* ndilo litakalomfikisha mtafiti kwenye picha hii baada ya miaka ishirini. Hukulijua? Ndiyo maana nilisema uwe na mtu anayezijua picha.

Jina la mtu liandike tu kama amekupa na umeshaangalia tahajia yake. Usikisie.

Hatua ya 8: Haki na ridhaa

Jaza sehemu tatu kwa kila picha: mpigaji, hakimiliki, na masharti ya matumizi. Kama mpigaji alikuwa wa kukodi, angalia mkataba unasema nini. Kulipia kazi si lazima iwe umenunua haki zote.

Kwa picha za watu wanaotambulika, andika kama ridhaa ipo na karatasi yake iko wapi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, na Kenya ina sheria yake ya 2019. Mtoto anaombewa ridhaa kwa mzazi au mlezi. Mimi naweka rangi nyekundu ya digiKam kwa kila picha isiyo na ridhaa iliyothibitishwa, na kanuni ya ofisi ni kwamba picha yenye nyekundu haitoki nje. Aliye kwenye picha akisema ameghairi, picha inawekwa nyekundu siku hiyo hiyo. Hili lisingoje mkutano.

Ondoa pia GPS kwenye nakala zinazotoka nje kama picha imepigwa nyumbani kwa mtu, shuleni au kliniki.

Hatua ya 9: Hakikisha taarifa zinaandikwa ndani ya faili

Hili ndilo jibu la aliyepoteza kazi ya wiki nzima. Lebo zake zilikuwa kwenye hifadhidata ya programu, hazikuwa kwenye picha. Alipohamisha picha, hifadhidata ilibaki nyuma.

Nenda kwenye mipangilio ya digiKam, sehemu ya metadata, uweke alama kwenye lebo, maelezo na nyota ili ziandikwe kwenye faili. Kwa JPEG na TIFF zitaingia ndani. Kwa faili ghafi za kamera, kama NEF za Nikon au ARW za Sony, ni salama zaidi kuandika kwenye *faili mwenza*: faili dogo la maandishi linalokaa pembeni, kwa mfano `2024-03-17_bagamoyo_0412.nef.xmp`. Tangu hapo ukihamisha picha, hamisha na mwenzake, na njia ya uhakika ni kuhamisha ukiwa ndani ya digiKam.

Jaribu kabla ya kuamini. Nakili picha moja kwenye flashi, ifungue kwa programu nyingine kwenye kompyuta nyingine, uone kama maelezo yapo. Jaribio la dakika tano, na lifanye leo.

Hatua ya 10: Nyota, mikusanyo na nakala za kutoa

Kubalianeni nyota zina maana gani. Kwetu tatu ni picha inayofaa kutumika, tano ni ya kuwekwa ukutani, moja ni ushahidi tu. Picha zisizo na nyota hazijatazamwa. Bila makubaliano, nyota nne za mtu mmoja ni mbili za mwenzake.

Mtu akiomba picha, usimpe faili mama. Toa nakala ya kazi yenye ukubwa anaouhitaji. Kumbuka JPEG inapoteza ubora kila inapohaririwa na kuhifadhiwa upya, kwa hiyo kila nakala itoke kwa mama, si kwa nakala nyingine.

Mambo yakikwama

*Natafuta lebo ambayo naijua ipo, haiji.* Andika sehemu ya katikati ya neno. Kichujio cha digiKam kinatafuta popote ndani ya neno, kwa hiyo "lango" inaleta mlango na milango, "ombo" inaleta chombo na vyombo. Haisaidii kwa jiwe na mawe wala jino na meno, hapo tafuta yote mawili. Ukiona lebo ya wingi imeponyoka, hamishia picha zake kwenye ile rasmi kisha ifute.

*"Ng'ombe" ziko mbili kwenye orodha na zinaonekana sawa.* Hazifanani. Moja ina kibainishi kilichonyooka, nyingine ina kilichopinda, ambacho programu za kuandikia hukiweka zenyewe. Kwa mashine ni herufi mbili tofauti. Amueni kutumia kilichonyooka, na unapoleta lebo kutoka kwenye Word fanya kwanza kazi ya kutafuta na kubadilisha.

*Picha zimepangika vibaya kwa saa.* Angalia kama ni za kamera moja. Kama zote zimesogea kwa saa zile zile, rudi hatua ya 3. Kama tarehe ni za siku ya kunakili, programu inasoma tarehe ya faili kwa sababu EXIF haipo. Hizo mara nyingi ni za WhatsApp.

*Programu ni nzito na inakwama ofisini.* Huenda hifadhidata imewekwa kwenye diski ya mtandao. Ile ya kawaida ya digiKam ni SQLite, na haifai kukaa huko. Ilete kwenye diski ya ndani ya kompyuta. Kama watu wengi wanahitaji kufanya kazi kwa wakati mmoja, mmeshafika mahali pa kufikiria mfumo wa seva kama ResourceSpace. Lahajedwali yenu ya lebo mtaenda nayo.

*Nina picha elfu kumi za miaka ya nyuma, sina taarifa yoyote.* Usizianze. Anza na picha za wiki hii, uzikamilishe, na kila wiki ijayo ukamilishe za wiki hiyo. Za zamani zipe lebo moja tu, *haijashughulikiwa*, na uzichukue folda moja moja, ukianza na zile ambazo watu wanaozijua bado wapo. Mzee anayekumbuka majina ya manahodha waliomo kwenye picha za 1987, kaa naye mwezi huu.